KOPO LA SAMAKI: LA MAFUTA AU LA MAJI?



Sisi wa Mwakiro tuko mbali na Ziwa Tanganyika. Mukeke mbichi akifika huku, bei yake si ya mtu wa kibarua. Ndiyo maana wengine wetu siku ya mshahara hununua kopo la jodari. Basi tufahamu tunachokinunua.

Karatasi ya kopo mara nyingi huandikwa Kifaransa. “Thon à l’huile” ni jodari aliyetiwa mafuta, kwa kawaida ya alizeti au ya soya. “Thon au naturel” ni aliyetiwa maji, na mara nyingi maji hayo yana chumvi. Mwenye ugonjwa wa presha asidanganywe na neno hilo. Asome kiasi cha chumvi.

Samaki ni yule yule. Gramu 100 za jodari aliyechujwa zina protini karibu gramu 25, awe wa maji au wa mafuta. Tofauti iko kwenye nguvu: wa maji hutoa kalori kama 110, wa mafuta kama 190. Anayekaa ofisini Gitega, na daktari amemwambia apunguze mwili, achukue wa maji. Lakini aliyeshinda na jembe, au aliyebeba magunia ya kahawa, kwake mafuta yale ni chakula. Yatiwe kwenye maharage au isombe. Tena sehemu ya mafuta ya samaki mwenyewe, yale yanayofaa moyo, huwa imekwisha kuingia humo. Anayeyamwaga chini amelipia kitu asichokula. Heri angenunua wa maji.

Jambo kubwa zaidi ni uzito. Kopo huwa na namba mbili: “poids net” na “poids net égoutté”. Ya pili ndiyo samaki. Kopo la gramu 160 lenye samaki gramu 112, hizo 48 zilizobaki ni maji au mafuta. Na maji tunayo mtoni! Kwa hiyo mjumbe wenu akizungumza na mwajiri juu ya posho ya chakula, asikubali kuhesabiwa makopo. Adai gramu za samaki. Tumekwisha kuona duka la kambi moja likikata mishahara kwa makopo yenye mchuzi mwingi kuliko minofu.

Kopo lililovimba lisionjwe, hata likiuzwa nusu bei. Lililobonyea kwenye mshono liachwe pia. Likishafunguliwa, samaki aliwe wakati huo huo, maana wengi wetu hatuna friji, na jodari akikaa kwenye joto hufanya sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Na ndagala je? Wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, yaani gramu kwa gramu wanapita jodari wa kopo mara mbili. Huliwa pamoja na mifupa, nayo hujenga mifupa ya watoto wetu. Kabla ya kuchukua kopo, ulizeni kwanza sokoni bei ya kilo ya ndagala, halafu mpige hesabu na zile gramu 112.