NFL: Kwa nini upepo wa mpira hupimwa na kuandikwa

Katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, mpira hauingii uwanjani kabla ya kupimwa upepo. Kanuni zinataka shinikizo ndani yake liwe kati ya pauni 12.5 na 13.5 kwa inchi ya mraba.

Tofauti na soka, kila timu hutumia mipira yake inaposhambulia. Timu za ugenini zilipewa haki hiyo mwaka 2006. Mipira hukabidhiwa kwa refa saa 2 na dakika 15 kabla ya mchezo.

Kabla ya hapo, watumishi wa timu huisugua kwa brashi na kuifuta kwa taulo lenye unyevu ili kuondoa utelezi wa ngozi mpya. Hilo ni halali; kupunguza upepo baada ya ukaguzi ni kosa, kwani mpira laini hushikika kwa urahisi.

Udhaifu wa utaratibu huo ulidhihirika Januari 18, 2015, New England Patriots walipowafunga Indianapolis Colts 45-7 katika nusu fainali. Mipira 11 ya Patriots ilipimwa wakati wa mapumziko, na yote ilikuwa chini ya 12.5.

Hata hivyo, hewa ikipoa shinikizo hushuka. Mpira wenye 12.5 ndani ya chumba cha nyuzi joto 22 hufikia karibu 11.3 nje kwenye nyuzi 9. Ili kujua kama kuna mkono wa mtu, vilihitajika vipimo vya kabla ya mchezo, lakini havikuandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wachunguzi wa ligi walihitimisha kuwa yaelekea upepo ulitolewa makusudi. Tom Brady, mrushaji mkuu wa Patriots, alikana kuhusika, lakini baada ya shauri kupita mahakamani alitumikia adhabu ya kukosa michezo minne mwaka 2016. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 1.

Kabla ya msimu wa 2015 kuanza, ligi iliagiza mipira ipewe namba, maofisa wawili waipime na matokeo yaandikwe, na baadhi ya michezo irudiwe vipimo wakati wa mapumziko. Viwango vya upepo havikubadilishwa.