Wageni wa kaskazi: falaropi wawili na namna ya kuwatofautisha

Msimu wa kaskazi, ukitoka kwa mashua nje ya mwamba wa Watamu, unaweza kukuta ndege wadogo weupe wakielea maji marefu huku wakizunguka kama pia. Mara ya kwanza niliwaita vifaranga wa shakwe. Nahodha wetu alicheka: kifaranga gani atafika huku peke yake?

Hao ni falaropi, jamaa za kitwitwi tunaowaona ufukweni maji yakitoka. Tofauti ni kwamba wao huishi baharini sehemu kubwa ya mwaka. Kule kuzunguka si mchezo. Huvuta maji ya chini yapande juu pamoja na vijidudu, nao huvidonoa.

Wako wawili wanaochanganya watu: falaropi shingo-nyekundu na falaropi mwekundu. Wote huzaliana kaskazini ya mbali, na kwa wote jike ndiye mwenye rangi kali. Akishataga humwachia dume mayai ayaatamie na kulea watoto.

Majina yasikudanganye, kwani wakiwa baharini wekundu umeshapukutika. Wote huwa weupe na kijivu, na alama nyeusi jichoni. Basi tazama mdomo. Wa shingo-nyekundu ni mwembamba kama sindano, wa mwenzake ni mnene zaidi. Kisha tazama mgongo: shingo-nyekundu ana michirizi, mwekundu ana kijivu kitupu. Shingo-nyekundu pia ni mdogo, sentimita 18 hivi, mwenziwe hufika 21.

Njia zao nazo hutengana. Mwekundu hupenda Atlantiki, pwani za Afrika Magharibi hadi Namibia. Shingo-nyekundu kutoka Skandinavia na Urusi huja Bahari ya Arabuni, upande wa Oman na Somalia, na baadhi hushuka hadi kwetu. Kwa hiyo ukimwona falaropi hapa, karibu kila mara ni shingo-nyekundu.

Mtafute kwenye mstari wa povu, pale mikondo inapokutana. Hapo chakula chake hukusanyika, na hapo hapo hukusanyika takataka zetu. Falaropi wameshakutwa na vipande vya plastiki tumboni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini chupa na vifuniko bado tunavitupa ufukweni. Ndege wa gramu 35 amevuka mabara kuja kula kwetu. Tusimwandalie plastiki.