Kipandikizi Chembamba cha Jino: Tiba ya Pengo Moja na Lugha ya Kuieleza

Utangulizi

Kiswahili hutofautisha mwanya na pengo. Mwanya ni nafasi ya kimaumbile baina ya meno ya mbele, na Waswahili wengi huuhesabu kuwa pambo. Pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka. Ndiyo maana marehemu naye husemwa kuwa ameacha pengo. Makala haya yanaeleza jinsi pengo la jino moja linavyozibwa kwa kipandikizi chembamba, na kwa nini maelezo hayo yamfikie kwa Kiswahili mkazi wa Kianda, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, Nairobi.

Kipandikizi ni nini?

Neno hili limetokana na kitenzi pandikiza, kazi ya mkulima ahamishaye mche. Katika tiba ya meno, kipandikizi ni skrubu ndogo, aghalabu ya titani, inayotiwa katika mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Juu yake hufungwa jino bandia. Hata hivyo, tofauti na mche, kipandikizi hakioti mizizi: mfupa ndio unaokua na kukishika. Sifa hiyo ya titani iligunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi mwaka 1952 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wake wa kwanza.

Faida na kasoro za wembamba

Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha takriban milimita 4. Chembamba hakifiki milimita 3.5. Baina yake na jino jirani hutakiwa kubaki milimita 1.5 hivi za mfupa kila upande. Kwa hesabu hiyo, kipandikizi cha milimita 4 hudai nafasi ya milimita 7, na cha milimita 3 hudai milimita 6. Jino la pili kutoka katikati ya taya la juu lina upana wa milimita 6.5 hivi, hapo kipandikizi cha kawaida hakienei, chembamba huenea. Aidha, mfupa ukiwa mwembamba, mgonjwa huweza kuepushwa upasuaji wa kuuongeza.

Lakini wembamba una gharama yake. Skrubu nyembamba huelekea zaidi kuvunjika, hivyo haifai kwa kawaida kubeba gego linalosaga chakula kigumu. Kwa desturi mfupa hupewa miezi 3 hadi 6 kuishika. Uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na ugonjwa wa ufizi huweza kuiharibu kazi yote.

Pengo na mkazi wa Kianda

Kwa mwanaisimu, jino la mbele si pambo tu. Sauti /f/ na /v/ huhitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini. /Th/ na /dh/ huhitaji ulimi uyakute meno. Mchuuzi aliyepoteza jino hilo huweza kupungukiwa na ufasaha anaouzia bidhaa.

Hata hivyo, si kila pengo ni ugonjwa. Miongoni mwa Waluo, ambao ni wakazi wengi wa Kibera, palikuwa na desturi ya kuwang'oa vijana meno sita ya mbele ya taya la chini. Kwa mzee wa desturi hiyo, pengo ni kitambulisho. Tabibu hana budi kuuliza kabla ya kuziba.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya meno katika barabara ya Argwings Kodhek, kilomita chache kutoka Kianda. Umbali, basi, si kizuizi kikubwa kama bei: kipandikizi ni ghali kuliko jino bandia la kuvaa na kuvua, ambalo kwa wengi hubaki chaguo la busara.

Hitimisho

Mgonjwa anayetia sahihi ya kukubali upasuaji anastahili kujua skrubu itakaa wapi, itasubiriwa muda gani, na ikivunjika itakuwaje. Akielezwa kwa lugha asiyoielewa vyema, sahihi yake si ridhaa kamili. Hivyo basi, ni jukumu la wanafunzi wa Kiswahili kushirikiana na matabibu ili istilahi kama kipandikizi zitoke kamusini na kufika kwenye kiti cha mgonjwa. Pengo hilo la lugha halizibwi kwa skrubu.