Bomba Linalopashwa Moto na Kihisi Kinacholisimamia

Asubuhi za Juni na Julai, pale Newala, mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa yakawa meupe pe. Teremka nayo Masasi, jua likishapanda yanayeyuka yenyewe bila kuwekwa jikoni. Mpaka wake ni nyuzijoto 24 hivi, na baridi ya kipupwe kwenye uwanda wa Makonde hushuka chini ya hapo.

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert, Uganda, yana tabia hiyohiyo, ila yana nta nyingi mno: yakipoa hadi nyuzijoto 40 hivi yanakataa kutiririka. Kwa hiyo bomba la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kuyatunza katika nyuzijoto 50 au zaidi. Mabomba yake yalivikwa povu la kuhifadhi joto katika kiwanda cha Sojo, Nzega, na nyaya za umeme za kupasha zinaambatana nayo.

Kuwasha waya si kazi. Kazi ni kujua wakati wa kuuzima.

Viwandani, kihisi cha joto kinachoaminiwa sana ni cha platini, Pt100. Katika nyuzi 0 ukinzani wake ni omu 100, na kila nyuzi inayopanda huongeza omu 0.385 hivi. Kidhibiti kikisoma omu 119.4 kinajua bomba limefika nyuzi 50. Kati ya kiwango cha kuwasha na cha kuzima huachwa pengo dogo, la sivyo swichi itawaka na kuzima bila kupumzika mpaka iharibike.

Mafundi wengi hukosea mahali pa kukifunga. Kikigusana na waya wa kupasha, kitapima joto la waya, kizime umeme mapema, huku mafuta yakiganda ndani. Kinatakiwa kikae juu ya chuma cha bomba, mbali na waya, chini ya povu. Tena kihisi kimoja hakiwezi kusemea bomba zima: penye mtiririko mafuta huja na joto lake, lakini tawi lililofungwa valvu hupoa peke yake. Kila tawi la namna hiyo lipewe kihisi chake.

Kwa masafa marefu kuna njia ninayoipenda zaidi, uzi wa kioo. Leza hutuma mwanga ndani yake, na sehemu ndogo hurudi ikiwa na rangi iliyobadilika; wingi wa mwanga huo hutegemea joto la pale uliporudia. Badiliko hilo la rangi aliligundua C. V. Raman huko India mwaka 1928. Muda wa kurudi hutaja mahali penyewe: kila mita huchukua takriban nanosekunde 10 kwenda na kurudi.

Vijana wa Masasi na Newala mnaosomea umeme, jifunzeni vihisi kwa bidii ileile mnayojifunza nyaya. Bomba la EACOP litahitaji mafundi wa kulitunza kwa miaka mingi, na kilomita 1,147 kati ya zile 1,443 ziko Tanzania.