Neno Mgeni Nalo Hupewa Jembe

Wiki iliyopita tulikuwa safarini kutoka Tanga mjini kwenda Pangani. Kabla ya kufika nusu ya njia basi letu lilianza kunguruma vibaya, kisha likasimama. Dereva alijaribu mara tatu, akajaribu mara ya nne, lakini gia ya pili ilikataa katakata kuingia. Kondakta akatushusha, nasi tukaenda kuketi chini ya mwembe tukimngojea fundi.

Hapo ndipo kijana mmoja mwenye madaftari kwapani alipotoa neno. "Lugha yetu hii ni ya kuombaomba," alisema. "Gia tumemwomba Mwingereza, breki tumemwomba, klachi tumemwomba, tairi tumemwomba. Mwingereza mwenyewe hakumwomba mtu." Baadhi ya abiria wakacheka. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua, ambaye baadaye tulitambua kuwa aliwahi kuwa nahodha wa jahazi, alimtazama kijana yule na asiseme kitu.

Sisi nasi tulinyamaza, na ukimya wetu ulikuwa na sababu yake. Maneno yale hatukuyasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Tuliyasikia tungali watoto, yakitoka kinywani mwa mwalimu wetu mmoja aliyependa kusema kwamba Kiswahili ni kapu la makombo ya meza za watu. Asubuhi tulikuwa chuoni tukisoma Kurani, mchana tukaenda shuleni kuambiwa kwamba maneno tuliyoyapata asubuhi si yetu, na ya mchana pia si yetu. Mtoto akiambiwa hivyo kila siku hutoka shuleni akidhani amezaliwa bila ulimi.

Basi leo, ndugu msomaji, tumeona ni vema tulipe deni la ukimya ule. Tulichukue neno lile lile alilolitaja kijana, neno gia, tulifuate nyuma mpaka tulikotoka, tuone kama ni kweli Mwingereza hakumwomba mtu.

Kwamba sisi tumelipata kutoka Kiingereza hapana ubishi. Kwa Kiingereza huandikwa 'gear'. Lakini Mwingereza alilipata wapi? Alilipata kwa Waviking, yaani wale watu wa Denmark na Norwe waliokuja kwake kwa majahazi, upanga mkononi. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 865 wakaja na jeshi kubwa, na mwaka uliofuata wakauteka mji wa York. Mfalme Alfred aliwashinda huko Edington mwaka 878, lakini hakuweza kuwafukuza wote. Walibaki wakalima, wakaoa, wakajenga vijiji. Mpaka leo miji kama Whitby, Grimsby na Derby ina majina yenye mwisho wa lugha yao. Na kuanzia mwaka 1016 hadi 1035 mfalme wa Uingereza alikuwa Mdenmark, jina lake Cnut.

Katika lugha ya watu hao kulikuwa na neno 'gervi', maana yake mavazi na zana za mtu aliyejiandaa. Lilitokana na kitenzi chao cha kufanya au kutengeneza. Karibu na mwaka 1200 tunalikuta neno hilo limekwisha ingia katika maandishi ya Kiingereza, likitaja silaha na mavazi ya vita. Halikukaa hapo tu. Likawa jina la nguo, likawa jina la vyombo vya nyumbani, likawa jina la hatamu na mikanda ya farasi wa kulimia. Kule Uskoti likawa na maana ya mali yote aliyo nayo mtu. Mabaharia nao wakalichukua. Kwao kamba za tanga, makapi, na kila kitu kinachofungwa mlingotini kikaitwa kwa neno hilo moja.

Kisha likashuka kutoka mlingotini likaingia kinuni. Katika karne ya 16 watu walianza kulitumia kwa magurudumu yenye meno yanayoumana, kama yale ya vinu vya maji na vya upepo. Mwanzoni mwa karne ya 19, mitambo ya mvuke ilipoenea, likawa jina la sehemu zinazochukua nguvu ya mtambo na kuipeleka panapofanyika kazi. Katika miaka ya 1880 likapanda baiskeli, na baada ya hapo likaingia katika gari. Gurudumu dogo la meno 20 likizungusha kubwa la meno 40, lile kubwa huenda nusu ya mwendo wa dogo, lakini nguvu yake ya kuzungusha huongezeka maradufu. Ndiyo sababu dereva wetu hutafuta gia ndogo anapopanda mlima. Kwa hiyo neno lililokuja Uingereza likiwa limevaa silaha, likahudumu chomboni na kinuni, hatimaye limetufikia sisi likiwa na mafuta ya gari mikononi.

Wala tusidhani kwamba 'gear' ni mgeni wa pekee. Neno lingine la Kiingereza la zana za chombo ni 'tackle', nalo halikuzaliwa Uingereza. Lilitoka kwa Waholanzi na Wajerumani wa pwani ya kaskazini, ambao walisema na mpaka leo wanasema 'takel'. Hao hawakuja na upanga. Walikuja na mizani, kwa kuwa walikuwa wafanyabiashara. Wajerumani wa shirikisho la miji ya biashara lililoongozwa na Lübeck walikuwa na ghala na bandari yao wenyewe mjini London, mpaka Malkia Elizabeth wa Kwanza alipowafungia mwaka 1598. Kutoka kwa majirani hao wa ng'ambo ya bahari Mwingereza alichukua hata jina la nahodha wake, 'skipper', na jina la sitaha, 'deck'.

Na neno hilo 'tackle' nalo halikulala. Mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alilitumia kwa zana za mpiga mshale. Baadaye likawa kitenzi cha kumfungia farasi lijamu, kisha cha kumkamata mtu mwilini kama wafanyavyo wacheza mieleka. Mtunga kamusi wa Kimarekani, Noah Webster, alipoliandika mwaka 1828 katika maana hiyo ya kukamatana, alisema ni matumizi ya kawaida ya watu wa New England, ila hayana adabu ya lugha. Leo mawaziri na maprofesa wa Kiingereza hulitumia kila siku wanaposema kwamba watalikabili tatizo fulani. Neno la mitaani lililodharauliwa limeketi barazani pa wakubwa, na hakuna anayeliuliza cheti cha kuzaliwa.

Lakini yapo makubwa zaidi ya hayo. Mtu akiazima jina la chombo, tunaelewa, kwa kuwa chombo huja na jina lake. Mwingereza aliazima hata neno la kusemea 'wao'. Ile 'they' ya Kiingereza, pamoja na ndugu zake 'them' na 'their', ni mali ya Waviking. 'Law', yaani sheria, ni mali yao. Kisu, 'knife', na dirisha, 'window', ni majina kutoka kwao. Sisi tunaoitwa waombaji, mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao ni vyetu vya asili, tumevirithi kwa mababu wa Kibantu na hatukuviazima kwa mtu.

Hata yai Mwingereza aliliazima. Katika kitabu alichokichapa mwaka 1490, William Caxton, mtu aliyeleta mtambo wa kuchapia vitabu Uingereza, anasimulia habari za wafanyabiashara waliokuwa safarini kwa chombo katika mto Thames wakielekea Uholanzi. Upepo ukakatika, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akamwomba mama wa nyumba mayai, akitumia neno la kaskazini, 'egges', lililotoka kwa Waviking. Mama yule akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua! Ikabidi mwenzake aseme 'eyren', neno la Kiingereza cha asili, ndipo mama akaelewa. Waingereza wawili, katika nchi yao wenyewe, walishindwa kuelewana juu ya yai. Leo neno 'eyren' limekufa, na la mgeni ndilo linalotumika.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kina uchungu ndani yake. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao, 'gearwe', la mavazi na zana, lenye mzizi mmoja na lile la Waviking. Limetoweka, na nduguye mwenye maana ya 'tayari' alibaki akiishi kwa mabaharia kama 'yare', nasi twamkuta katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest, ulioonyeshwa mwaka 1611. Leo Mwingereza wa kawaida halijui. Kuazima ni heri, lakini kuna namna ya kuazima inayomtoa mwenyeji nyumbani kwake. Hilo ndilo la kutafakari, wala si aibu aliyotaka kutuvika yule kijana.

Tutazame basi nyumba yetu. Neno letu 'chombo' ni la asili, na limefanya kazi ile ile ya 'gear', au zaidi. Sufuria ni chombo, jahazi ni chombo, na leo twasema vyombo vya habari na vyombo vya usalama. Rubani alikuwa mtu wa kuongoza vyombo baharini. Siku hizi anaendesha ndege. Nahodha, tuliyempata kwa Waajemi, sasa yuko uwanjani amevaa kitambaa mkononi akiongoza timu ya mpira. Dira ya baharini imekuwa jina la mpango wa taifa: tulikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025. Na yule 'amiri' tuliyemsoma chuoni kwa Kiarabu ndiye Amiri Jeshi Mkuu wetu. Huyo huyo, kwa njia ya Kiarabu, ndiye aliyempa Mwingereza mkuu wake wa manowari, 'admiral'. Tumekula sahani moja na Mwingereza, lakini sisi ndio tunaoambiwa tumedoea!

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hii ndiyo sheria ya lugha. Gia ilikuja pamoja na gari, kitu tusichokuwa nacho, tukaipa jembe, nayo inalima. Husemwa na dereva, na fundi, na hata na mwanasiasa anayebadili msimamo akaambiwa amebadili gia. Mgeni huyo hana deni kwetu. Lakini mtu mwenye neno usukani nyumbani kwake akaliacha, akasema stelingi ili aonekane amesoma, huyo hajakaribisha mgeni. Huyo amemfukuza mwenyeji kwa ajili ya mpita njia.

Na wapo wenyeji wanaokufa kimya. Yako wapi maneno foromali, demani, henza, joshi na amari? Foromali ni ule mti unaobeba tanga; demani ni kamba ya kulizuia tanga; henza ni ya kulipandisha; amari ni ya nanga. Mashine zimechukua nafasi ya matanga katika vyombo vingi, na mtoto anayezaliwa leo hatua chache kutoka bandarini anaweza kumaliza shule bila kuyasikia hata moja. Neno halifi kwa sababu ni la kale. Hufa kwa kukosa kazi. Kama Waingereza wangeacha neno lao la kamba za matanga life pamoja na matanga, wasingekuwa na jina la kulipa gurudumu la meno.

Rai yetu ni hii. Walimu wa pwani wawapeleke wanafunzi kwa manahodha wazee wangali hai, wayaandike majina ya kila kamba na kila mti wa jahazi. Wanaotunga istilahi za ufundi wafungue kwanza sanduku hilo kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Na wakibisha hodi, wabishe kama watu wenye nyumba.

Fundi alikuja, akashika spana zake, na baada ya saa moja na nusu gia ya pili ikakubali. Tulipokuwa tumekaa tena ndani ya basi, yule mzee aliinama kwa kijana. "Mwanangu," alisema, "ile aliyoishika dereva kwa mikono miwili yaitwaje?"

"Usukani, mzee."

"Nimeushika miaka thelathini," mzee akasema, "na gari sijui kuendesha."

Kijana alikaa kimya kwa muda. Kisha alifungua daftari lake, akaomba kalamu kwetu, akamwuliza mzee zile kamba za jahazi zinaitwaje, moja baada ya nyingine. Tulipofika Pangani alikuwa bado anaandika.