Je, Wajua? Mashine ya Kufulia Ina Zege Tumboni

Ile mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele, iliyowatoa vijana wawili jasho kuipandisha ngazi, mara nyingi ina bonge la zege ndani. Si ulaghai wa kiwandani. Pipa linapokamua nguo kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, yaani 20 kila sekunde, uzito huo ndio unaoizuia mashine isirukeruke.

Basi mashine mpya ikitembea sakafuni kama imepagawa, usimlaumu muuzaji kabla hujatazama mgongoni mwa mashine. Kuna boliti za kusafirishia, kwa kawaida tatu au nne, zinazolibana pipa njiani. Lazima zitolewe kabla ya kufua. Zitunze, siku ya kuhama utazitafuta. Blanketi zito likifuliwa peke yake nalo hujikunja upande mmoja, mtikisiko ukaanza.

Maji yakigoma kutoka? Chomoa umeme, yaache yapoe, weka beseni, kisha fungua chujio la pampu, ambalo kwa kawaida liko chini mbele. Humo ndimo zinamoishia sarafu, vifungo na, nyumbani kwetu, pini za hijabu. Na mpira wa maji machafu ukilazwa sakafuni, mashine hujaza huku ikimwaga: utaisikia inavuta maji tu, nguo hazifuliwi.