Kuchimba Madini Angani: Namna ya Kuanza na Kudumu katika Mchezo Usio na Mwisho

Michezo mingi ina mwisho unaojulikana. Bao humalizika mchezaji mmoja anapokosa kete za kuchezea. Mpira wa miguu humalizika mwamuzi apulizapo kipenga. Lakini ipo michezo ya aina nyingine, ichezwayo kwa kompyuta kwa njia ya intaneti, ambayo haina kipenga cha mwisho wala mshindi. Mchezaji hupewa ulimwengu mpana, chombo kidogo cha kusafiria na sheria chache. Mengine yote huyaamua mwenyewe. Waliobuni jina la michezo hii waliifananisha na mchanga wanaouchezea watoto: mmoja hujenga nyumba, wa pili huchimba kisima, na wa tatu huja kuibomoa nyumba ya mwenzake. Katika makala hii itaitwa michezo huria.

Michezo huria ihusuyo anga ina mvuto wa pekee kwa mwanafunzi wa Shinyanga au wa Geita, kwani kazi ambayo wageni wengi huanza nayo humo ni kuchimba madini. Hata hivyo, si wote waingiao hudumu. Wengi huingia kwa shauku, huzungukazunguka kwa siku chache, kisha huacha wakisema kwamba hawakuona la kufanya. Hapana budi kujiuliza: ni kitu gani humfanya mtu aendelee kuipenda kazi ambayo hakuna aliyempangia mwisho wake? Swali hili linauhusu mchezo, lakini linauhusu pia utafutaji wa madini, na elimu yenyewe.

Mchezo wenyewe

Mfano mashuhuri wa michezo ya namna hii ni EVE Online, uliotolewa mwezi Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Aisilandi. Ulimwengu wake una mifumo ya nyota zaidi ya 5,000, na wachezaji wengi wa dunia hukutana katika ulimwengu huo mmoja. Vyombo, silaha na vipuri vingi vinavyotumika humo vimetengenezwa na wachezaji wenyewe kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji wengine, kisha vikauzwa sokoni kwa fedha ya mchezo iitwayo ISK. Uchumi huo ulikuwa na mambo mengi kiasi kwamba mwaka 2007 kampuni ilimwajiri mtaalamu wa uchumi, Dakta Eyjólfur Guðmundsson, auchunguze kama mtaalamu wa benki kuu achunguzavyo uchumi wa nchi.

Maeneo ya ulimwengu huo yamepangwa kwa viwango vya usalama. Katika maeneo ya juu kuna walinzi ambao humwadhibu mshambuliaji, lakini hawamzuii kuanza kushambulia. Katika maeneo ya chini kabisa hakuna mlinzi, na huko ndiko yaliko madini ya thamani kubwa. Chombo kikiharibiwa, kimepotea. Mwenyewe hupaswa kununua kingine. Hasara hiyo ndiyo ipayo kila uamuzi uzito wake.

Hatua za kwanza

Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kuucheza mchezo huu bila malipo, ijapokuwa aina za ustadi na vyombo anavyoruhusiwa ni vichache kuliko vya mwenye kulipa. Unahitaji kompyuta yenye uwezo wa kutosha wa kuonyesha picha, na mtandao ulio thabiti. Masharti ya umri yaliyowekwa na kampuni yasomwe kwanza.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuanzia hapo hapo kwenye mtandao. Kompyuta kuu ya mchezo iko London, umbali wa kilomita 7,000 hivi kutoka Shinyanga kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ujumbe wa kwenda na kurudi hauwezi kuchukua chini ya sekunde 0.07, hata kama nyaya zingenyooka. Na kwa kuwa nyaya hupita baharini kwa mzunguko mrefu, muda halisi huwa mkubwa zaidi. Katika michezo ya kulenga shabaha, kuchelewa huko ni kushindwa. Lakini kompyuta ya EVE hupiga hesabu zake kwa hatua za sekunde moja moja, na kwa sababu hiyo mchezaji wa Geita hapungukiwi sana akilinganishwa na mwenzake wa Ulaya.

Jambo la pili lifaalo kujulikana ni kwamba ustadi wa mchezaji huongezeka kwa kupita kwa muda halisi, hata akiwa amezima kompyuta. Mgeni hupanga orodha ya mambo ya kujifunza, kisha huenda zake darasani au shambani. Akirudi hukuta ustadi umeongezeka. Anayenunua data kwa kipimo hana sababu ya kukesha. Mchezo huu huutuza mpango kuliko wingi wa saa.

Jambo la tatu, mgeni na ajaribu kazi zote nne za mwanzo, yaani uchimbaji, upelelezi wa anga, utengenezaji na mapigano, kabla ya kuchagua mojawapo. Wala asitumie chombo ambacho hana uwezo wa kukinunua tena.

Kwa nini wengi huacha

Mwaka 2015 kampuni ya CCP ilieleza matokeo ya kuwachunguza wachezaji wapya 80,000 hivi katika siku zao 15 za kwanza. Ilidhaniwa kwamba wageni huondoka kwa kuwa huonewa na wenyeji. Ikaonekana kinyume chake: sehemu kubwa ya wageni hawakuguswa na mtu yeyote, na wale wachache walioharibiwa vyombo ndio waliodumu zaidi.

Je, ni halali kusema kwamba hasara humfanya mtu aupende mchezo? Mwanafunzi wa sayansi asikimbilie jibu. Huenda walioshambuliwa ni wale wale waliokuwa wakicheza kwa bidii, wakisafiri mbali na kukutana na watu wengi, nao wangedumu hata kama wasingeshambuliwa. Mambo mawili yakienda pamoja, haimaanishi kwamba moja limelizaa jingine. Hata hivyo, hitimisho moja halina shaka: kutokuguswa na mtu hakukuwazuia wageni kuondoka. Aliyekaa peke yake mahali penye usalama, akikata mwamba mmoja baada ya mwingine, hakuwa na cha kumrudisha kesho yake.

Mambo matatu yamdumishayo mtu

La kwanza ni swali lake mwenyewe. Mchezo huria haumpi mtu lengo. Asiyekuja na swali hupewa uchovu. Historia ya ukanda huu inatoa mfano ulio bora. Almasi zilikwisha kujulikana katika nchi ya Usukuma, lakini Dakta John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alitaka kujua zilikotoka. Alitafuta kwa miaka kadhaa, akiwa na fedha chache, hadi mwaka 1940 alipoupata mwamba wa kimbalaiti huko Mwadui. Kadhalika dhahabu ya Geita: iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898, lakini mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Mchezaji naye yafaa aanze na swali dogo linaloweza kujibiwa. Kwa mfano: ni madini gani yenye faida kubwa kwa kila saa ya kazi, ikiwa gharama ya safari na hatari ya kupoteza chombo zitahesabiwa?

La pili ni daftari. Bei za mchezo hutofautiana toka kituo hadi kituo, na mwenye kumbukumbu za bei ana nguvu kuliko mwenye chombo kikubwa. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua kanuni hiyo. Zamani wengi wao waliuza dhahabu kwa madalali pale pale machimboni, bila njia nzuri ya kulinganisha bei. Soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwezi Machi 2019 liliwapa mahali pa kupimia na kuuzia kwa bei iliyo wazi. Daftari la mchezaji ni soko lake dogo: humwonyesha leo alikosea wapi jana.

La tatu ni wenzi. Katika machimbo madogo, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mbale kwa mapatano yaliyofanywa kabla ya kazi kuanza. Katika EVE pia wachezaji huunda ushirika: mmoja huchimba, wa pili husafirisha, wa tatu hulinda, na mwingine hutunza hesabu. Kazi ndogo ya hesabu yaweza kuwa na uzito kuliko mizinga. Tarehe 27 Januari 2014, katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, vilizuka vita vilivyodumu saa 21 hivi na kuwahusisha wachezaji zaidi ya 7,500. Chanzo chake ni ada ya umiliki wa eneo ambayo haikulipwa kwa wakati. Kompyuta kuu ililemewa kwa wingi wa hesabu hata ikapunguza mwendo wa muda wa mchezo hadi sehemu moja ya kumi. Yeyote aliyepata kuona leseni ya uchimbaji ikipotea kwa ada iliyosahauliwa atauelewa mkasa huo bila maelezo zaidi.

Sayansi ya kweli na isiyo ya kweli

Mwalimu asidhani kwamba kila kionekanacho mchezoni ni sahihi. Kwa kweli makosa yake ndiyo yenye manufaa makubwa darasani. Chombo cha mchezo husimama chenyewe injini ikizimwa, kana kwamba kinapita majini. Kwa kanuni ya kwanza ya Newton, chombo kilicho angani kingeendelea na mwendo wake. Asteroidi, yaani miamba ilizungukayo Jua hasa kati ya Mirihi na Mshtarii, huonyeshwa zimebanana kama mawe ya kilimani. Lakini umbali wa wastani kati ya moja na nyingine hukadiriwa kuwa kilomita laki kadhaa hadi milioni moja.

Majina ya madini nayo yachunguzwe. Plajioklesi ni madini ya kweli, nayo imo katika graniti. Naisi ni mwamba wa kweli, uliobadilishwa umbo na joto na mgandamizo. Lakini mchezoni hutoa metali ambazo hazipo duniani. Hesabu hii pia yafaa: chombo cha uchimbaji cha mwanzo hubeba mita za ujazo 5,000 za mawe. Tuseme mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2.7, mzigo wote ni tani 13,500, sawa na malori 90 yenye kubeba tani 150 kila moja. Kama mwamba huo ungekuwa na gramu 3 za dhahabu kwa tani, dhahabu yote ingekuwa kilo 40.5. Mwanafunzi akiilinganisha hesabu hiyo na vyombo vya kweli, ataona umbali uliopo: chombo cha Hayabusa2 cha Japani kilileta duniani gramu 5.4 tu kutoka asteroidi ya Ryugu, mwezi Desemba 2020. Na jambo la kufurahisha ni kwamba vumbi hilo lilifanana sana na kimondo kilichoanguka Ivuna, kusini-magharibi ya Tanzania, mwaka 1938.

Tena, wachezaji wamewahi kuifaa sayansi halisi. Kuanzia mwaka 2016 waliwekewa ndani ya mchezo picha za seli za binadamu ili wazipange kwa mahali protini zilipo. Watu zaidi ya 300,000 walitoa majibu milioni 33 hivi katika mwaka mmoja. Mwaka 2017 walipewa vipimo vya mwanga wa nyota ili watafute sayari zilizo nje ya mfumo wa Jua letu, kazi iliyomshirikisha Profesa Michel Mayor, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mipaka

Mchezo una mipaka ambayo mwanafunzi wa ukanda wa dhahabu anapaswa kuifahamu kuliko wengine. Mwamba wa mchezoni haumwangukii mtu. Hakuna duara lijaalo maji, wala matimba yaliyooza, wala mvuke wa zebaki unaodhuru ubongo na mishipa ya fahamu ya mwenye kuchoma dhahabu. Anayepoteza chombo hununua kingine; aliyefukiwa duarani hapewi uhai wa pili. Asiwepo kijana atakayefikiri kwamba ujasiri wa mchezoni ni leseni ya kuifuata rashi ya dhahabu na kuacha shule.

Pili, ISK si mshahara. Kuiuza kwa fedha halisi kumekatazwa na masharti ya mchezo, na wanaoahidi faida ya haraka kwa njia hiyo aghalabu ni matapeli. Tatu, mchezo usio na mwisho hauwezi kumwambia mtu asimame. Saa ya kusimama huwekwa na mchezaji mwenyewe, kabla hajawasha kompyuta.

Shule isiyo na kompyuta haijanyimwa funzo lililo kubwa kuliko yote. Swali, daftari na wenzi havihitaji umeme. Kikundi cha wanafunzi kinaweza kukusanya mawe ya kilima kilicho karibu, kupima uzito na ujazo wake, kuandika matokeo, na kuulizana kwa nini jiwe hili ni zito kuliko lile. Kazi hiyo nayo haina mwisho, na jiwe la kwanza liko njiani kuelekea shuleni.